Bwana Shamba na Mikanju ya Dada Yangu

Suruali zake zilitoboka magotini kabla ya kutoboka mahali pengine popote. Ndivyo nilivyomjua, maana mimi ni fundi cherehani, na kwangu mtu huanza na nguo. Alikuja kibandani kwangu, sokoni Malindi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na suruali ya kaki iliyokuwa nzima kiunoni, nzima nyuma, lakini magoti yote mawili yamekuwa madirisha. Nikamwuliza kama ni padri, kwa vile wanaochakaza magoti ni watu wa sala. Hakucheka.

"Mama, mimi ni bwana shamba," akasema. "Udongo hauonekani ukiwa umesimama."

Jina lake nalijua na silitaji, kwa sababu hakuna aliyemwita kwa jina. Alitoka bara. Kijiji gani, mwana wa nani, alioa au hakuoa, hayo watu wa soko walijijibia wenyewe, kila mmoja kwa namna yake, naye hakumsahihisha mtu. Muuza samaki alisema ana wake wawili Machakos. Muuza viazi karai aliapa kwamba ni mseja na kwamba aliwahi kusomea upadri, na nadhani hilo lilitokana na swali langu la magoti. Mimi nilimtilia viraka na kunyamaza.

Alikuwa na tabia ya kuingia shamba la mtu kwa nyuma. Alisema mbele ya shamba mtu hupanda kwa ajili ya wageni, na nyuma ndiko anakoficha uvivu wake. Tabia hiyo ilimponza. Siku moja alitokea nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Ganda akamkuta anaoga kwenye ua wa makuti, na kelele zilizopigwa zilisikika hadi barabara kuu. Tangu siku hiyo akawa anapiga hodi kwa sauti ya mnada kuanzia mbali, hodi, hodi, hodi, hata watoto wakawa wanaitikia kwa kumwigiza. Lakini njia hakubadilisha. Aliendelea kuja kwa nyuma.

Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kikavu, hakina mapambo, nasi tulimcheka sana. Mtu wa kwetu akitaka kukwambia shamba lako ni baya ataanza na habari za watoto, aende kwa mvua, azunguke kwa wazee, na ukija kuelewa ameshafika kwake. Yeye alisema tu: "Hapa umeharibu." Halafu akashangaa kuona mtu amenuna. Palipokuwa na ubishi, mmoja anasema mdudu, mwingine anasema jicho la jirani, yeye alisikiliza wote, kisha akasema, "Haya. Tumuulize mwenyewe." Mwenyewe alikuwa ni mti. Akapiga magoti, akafukua.

Nisimfanye malaika. Alihubiri mboga kila baraza, mchicha kwa damu, kunde kwa mifupa, na yeye mwenyewe alikula chapati na maharagwe hotelini mchana na jioni. Chumba alichopanga kilikuwa na uwanja mtupu, hata mpapai haukuwapo. Nikimchokoza kwa hilo alisema nyumba si yake. Alikuwa mkali juu ya mistari; aliwahi kung'oa miche ya mwalimu mkuu mbele ya wanafunzi kwa sababu ilikuwa imepinda, na mwalimu hakumsalimia mwaka mzima. Na alionja udongo. Aliokota chembe, akaweka ulimini, akatema, akasema una chumvi au hauna. Wazee wa Kigiriama walimpenda kwa hilo kuliko kwa mafunzo yake yote, wakisema huyu mtu wa bara angalau amekula kwetu.

Sasa nimfikie dada yangu, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na la kusimulia juu ya Bwana Shamba zaidi ya viraka.

Dada yangu, Mama Charo, aliacha ndoa. Alipigwa, akarudi, akapelekwa tena, akarudi tena, na mara ya mwisho mahari ikarudishwa na mambo yakaisha. Baba yetu alikuwa ameshafariki na hatukuwa na ndugu wa kiume. Mimi nilikuwa nimeolewa mjini. Kwa mwanamke wa namna hiyo, kwetu, hakuna mahali panapoitwa kwake. Baba mkubwa, kaka wa baba yetu, alimwonea huruma akamkatia kipande kando ya barabara ya kwenda ndani, kipande ambacho hakuna aliyekuwa akikilima. Akamwambia maneno ambayo kila mtu wa huku anayajua: panda miti. Maana mahindi ni ya msimu, hata mpita njia hupanda mahindi. Mwenye mti ndiye mwenye mahali. Na siku hizo habari zilikuwa zimeenea kwamba wapimaji wa ardhi watakuja, watembee mipaka na wazee, na kila mtu ataulizwa, miti yako iko wapi?

Kipande hicho hakikulimwa kwa sababu zamani kilikuwa cha fundi wa chubwi. Chubwi ni vile vipande vya risasi vinavyozamisha nyavu za wavuvi. Huyo fundi alifukuzwa mjini kwa ajili ya moshi wake, akaja kuweka tanuri huko. Alinunua betri mbovu za magari na malori, akazipasua, maji yake makali akayamwaga chini, risasi akaiyeyusha kwenye sufuria na kuimimina kwenye vitundu vya mchanga. Alifanya hivyo miaka mingi, halafu akahamia Mtwapa. Aliacha vifuniko vya betri na kichuguu cha jivu la kijivujivu, zito, kirefu kama mtoto.

Dada alipanda mikanju, yaani mikorosho. Alikwenda baraza la Bwana Shamba, akasikia mashimo yachimbwe mkono mzima kwenda chini, na akasikia, kama sote tulivyosikia, "Tia jivu shimoni, mchwa hawatasogea." Mchwa ndio adui wa miche huku. Watu wengine walihangaika kukusanya jivu la jikoni kidogokidogo. Dada alikuwa na kichuguu kizima kimemngoja. Akajaza debe baada ya debe, kila shimo akalitilia sehemu yake kwa ukarimu. Na kweli, mchwa hawakusogea. Alikuja sokoni kujisifu. "Wenzangu wanalia mchwa," akaniambia, "mimi hata mmoja sijamwona." Nilimfurahia. Tulikunywa chai na mahamri siku hiyo.

Miche ilitoka vizuri. Halafu ikasimama. Haikufa kwa haraka, na hilo ndilo lilimwumiza. Ilikaa palepale, kimo cha goti, msimu ukapita. Majani mapya yalitoka madogo, njano katikati na kijani kwenye mishipa tu, kisha yakaanguka kabla ya wakati. Mchana ilinyong'onyea hata siku iliyofuata mvua. Mikanju ya jirani, ya mbegu hiyohiyo, ilikuwa inampita mtu kichwa.

Maneno yakaanza. Ati ni laana ya mume. Ati baba mkubwa ametoa ardhi bila kuwauliza wahenga. Mwana wa kwanza wa baba mkubwa ndiye aliyeyasema kwa furaha zaidi, maana kipande kilikuwa kando ya barabara naye alikuwa na hamu ya kujenga duka. "Ardhi yenyewe imemkataa," alisema, na neno hilo lilifika kwa dada kabla ya jua kutua. Alikuja kwangu akalia, na dada yangu si mtu wa kulia.

Ndipo nikamwambia Bwana Shamba, siku alipokuja kuchukua suruali.

Alikwenda. Kwa nyuma, kama kawaida, na hodi zake. Alionja udongo, akatema, akaomba maji, akasukutua, akatema tena, na sikuwahi kumwona akifanya hivyo mahali pengine. Akauliza nani alikuwa hapa zamani. Tulipomweleza habari za betri akauliza jivu la shimoni lilitoka wapi. Dada akamwonyesha kichuguu, kwa fahari bado, maana hakujua.

Bwana Shamba akakaa chini kabisa, si kwa magoti, kwa matako, kama mtu aliyechoka.

Alipeleka udongo Nairobi kupimwa, na hadi leo jibu halijarudi. "Sina mashine," akasema. "Nina makopo." Akaja sokoni na makopo ya samli aliyoyatoboa kwa msumari. Nusu ameyajaza udongo wa dada, nusu udongo wa uwanja wa kanisa, na yote akayapanda korosho za mfuko mmoja. Aliyapanga mbele ya kibanda changu kwa sababu ofisini kwao mbuzi waliingia watakavyo. Mimi nikafunga uzi mwekundu kwenye makopo ya dada na mweupe kwenye yale mengine, tusije tukachanganya. Soko zima likawa na kazi. Muuza viazi alimwagilia maji asubuhi, mwenye samaki alikatazwa kumwaga yake hapo, na kila mteja aliyeleta gauni alitaka kwanza kujua nyekundu inaendeleaje.

Zilichipua pamoja. Tulipiga makofi. Bwana Shamba peke yake hakufurahi. "Bado inakula chakula cha ndani ya korosho," akasema. "Mtoto wa ziwa hajui kama mama ana njaa. Ngojeni aachishwe." Akawa sahihi. Miche ya uzi mweupe ilipanda. Miche ya uzi mwekundu ilitoa majani yake ya kwanza, ikatoa machache madogo ya njano, ikaishia hapo, na kwa jua la saa sita ikalala ilhali udongo umelowa.

Siku aliyomwita dada, aling'oa mmoja wa kila upande mbele yake, akaosha mizizi kwenye beseni langu. Ya mche wa uzi mweupe ilikuwa mirefu, myeupe, na vinyweleo vingi. Ya pili ilikuwa mifupi, minene, ya hudhurungi, bila vinyweleo, imekatika ncha kama nywele zilizoungua.

"Mti hunywa kwa hivi vinyweleo," akamwambia. "Huu wako una maji miguuni na hauna mdomo wa kuyanywa. Chakula cha kufanya jani liwe kijani nacho kinazuiliwa palepale mlangoni. Risasi imekaa mizizini. Juu hupanda kidogo, lakini hicho kidogo nacho sikitaki kinywani mwa watoto wako."

Dada aliangalia ile mizizi. "Kwa hiyo nimeiua mimi, na jivu langu."

"Tumeiua. Nilisema jivu. Sikusema jivu la kuni. Nilidhani jivu ni jivu." Alikuwa anatazama beseni. "Na ardhi yenyewe ilikuwa imeshaharibika kabla yako."

"Dawa yake?"

"Chokaa na samadi nyingi. Haiiondoi. Inaifunga tu isitembee sana. Unaweza kupata mwarobaini wa kivuli. Lakini muhogo, mchicha, chochote cha kula, hapana. Hata kidogo. Na kile kichuguu tukifukie mbali na kisima."

"Wapimaji wakija nitawaonyesha nini? Beseni?"

Dada aliondoka bila kuaga, na nilimkasirikia Bwana Shamba siku ile, Mungu anisamehe, kwa ukavu wake. Nilitaka aseme uongo mmoja tu mzuri. Hakuuweza.

Wapimaji walikuja kiangazi kilichofuata. Tulitembea mipaka, wazee mbele, vijana wa minyororo ya kupimia nyuma. Kila penye mwenyewe palikuwa na mnazi, mkanju, mwembe, naye akaweka mkono kwenye shina, akataja nani aliupanda. Walipofika kwa dada palikuwa na vijiti. Alikuwa amevaa kanga mpya. Aliweka mkono kwenye kijiti kikavu cha kimo cha goti, akainama ili akifikie, na watu wengine wakacheka.

Mwana wa baba mkubwa akasema, "Wazee wangu, huyu hana mti. Hana mti, hana mahali. Tusidanganyane."

Bwana Shamba alikuwapo, hakuna aliyemwita. Nilijua lililokuwa moyoni mwake, kwa sababu alikuwa ameniambia jana yake: akinyamaza juu ya risasi, watu watasema laana; akisema, huyu kijana atadai hakuna haja ya kumpa mwanamke ardhi isiyofaa kulimwa. Alivua kofia.

"Mimi ndiye nimefundisha watu hapa kupanda," akasema. "Shimo hili ni la kipimo changu. Mstari huu umenyooka kuliko wa mtu yeyote tuliyepita kwake leo. Jivu lilitiwa kwa neno langu, na jivu lilikuwa la betri. Udongo huu una sumu ya risasi. Haukumkataa yeye. Ungeua mti wa mtu yeyote, hata wangu. Mkimnyima kwa sababu miti imekufa, mnamhukumu kwa kosa langu."

Ofisa mmoja kijana alimwambia kwa upole kwamba maneno kama hayo yatafika kwa wakubwa wake. Akasema ayafikishe. Baba mkubwa, aliyekuwa mzee sana sasa na aliyeletwa kwa baiskeli, akaomba aonyeshwe mashimo. Akayatembea, mstari baada ya mstari, akichomeka fimbo yake katika kila moja. Aliporudi alisema, "Amepanda. Nimeona. Kufa ni kwa mti, si kwake." Mwanawe akafungua kinywa, akatazamwa, akakifunga. Vijana wakapigilia vigingi kwa jina la dada yangu.

Yale maneno yalifika kweli. Bwana Shamba alihamishiwa Hola, na hatukuambiwa kama ni adhabu au ni zamu yake. Hakuja kuaga. Nilisikia kwa muuza viazi.

Alirudi miaka ya themanini ikielekea mwisho, amestaafu, mwembamba, amevaa koti kwenye joto. Alisimama kibandani kwangu akauliza habari za watu wote kwa mpangilio, hadi za mbuzi wa ofisini, na nilijua anazunguka, amejifunza uzungukaji wetu mwishoni kabisa. Nikamwambia, "Sema tu, unataka kujua kama anakula muhogo wa pale." Akasema ndiyo.

Tulikwenda pamoja. Dada alikuwa amejenga chumba na ukumbi. Miarobaini aliyoipanda baadaye kwa chokaa na samadi ilikuwapo, hai, lakini mahali ambapo ya wengine imefika juu ya paa, yake ilimfika mtu kifuani. Bwana Shamba aliishika majani mmojammoja. Dada alipika sima na mtsunga, ile mboga chungu yetu, na muhogo wa nazi. Akamwekea mgeni bakuli la kunawa, akampa sahani.

Hakula. Niliona anavyotaabika, maana kwetu kukiangalia tu chakula cha mtu ni tusi, naye alilijua hilo. Mwishowe akasema, "Mama Charo, unisamehe. Mboga hii imetoka wapi?"

Dada alicheka hadi akajifuta machozi. "Nilimwambia mdogo wangu utauliza! Imetoka kwa jirani. Muhogo umetoka sokoni. Hapa hakijaliwa kitu, Bwana Shamba. Nalima kwa kukodi kule bondeni, hapa nalala tu. Kula."

Akala. Alikula kama mtu aliyeshushiwa mzigo, kisha akauliza, mdomo umejaa, "Basi kwa nini ulilia vile kwa kipande kisichokupa hata jani?"

"Kwani wewe ulidhani nataka korosho?" Dada alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwa mume wangu siwezi kuzikwa, mahari ilirudi. Kwa mdogo wangu siwezi, ni kwa watu. Wanawake wa namna yangu huzikwa kando ya njia, kwa kuombewa nafasi. Nilitaka mahali ambapo hakuna atakayesema mtoeni. Mti ulikuwa wa kunishikia mahali tu."

Bwana Shamba aliacha kutafuna. Alifundisha huku miaka yote ile, na nadhani hilo hakuna aliyewahi kumwambia, kwa sababu sisi tulidhani kila mtu analijua.

Akasema, taratibu, kwamba ametoka kwao juzi. Alikwenda kukaa. Ndugu zake waligawana shamba la baba yao alipokuwa huku, kila mmoja amepanda hadi kwenye mpaka wa mwenzake, na walimwonyesha kitanda sebuleni. Walikuwa wema. Walimwuliza atakaa siku ngapi. "Nimepandia watu miti pwani nzima," akasema, "na hakuna hata mmoja ninaoweza kuushika."

Kuku alipita katikati yetu, dada akamfukuza kwa mguu.

"Hapa pana nafasi," dada akasema.

Alicheka, akidhani ni utani wa kwetu. Kisha akaona hacheki mwingine. "Mimi si mtu wa huku, Mama Charo."

"Wewe ndiye ulisimama ukasema hapa ni pangu. Sasa ni pangu, namkaribisha nimtakaye. Na wewe na mimi tukilazwa hapa hatuna mizizi ya kuungua."

Aliweka tonge chini. Alijifuta macho kwa kifundo cha mkono, maana vidole vilikuwa na sima. Alikaa hivyo, sisi tukitazama pembeni ili asione haya, hata mboga ikapoa. Kisha akauliza ni upande gani. Dada akanawa mikono, akainuka kwenda kumwonyesha.